Mikataba ya Mataifa na Mipaka ya Mashamba Yetu

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Tumepewa heshima ya kusema machache katika siku hii ya furaha. Labda wengi walitazamia kwamba tungezungumza juu ya bei ya mazao, ghala na vitabu vya hesabu, maana hayo ndiyo mambo ya kila siku ya ofisi yetu. Taarifa ya mambo hayo imechapwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumechagua jambo lililo mbali kwa jina lakini karibu sana kwa matokeo yake, nalo ni jinsi mikataba inayotiwa sahihi baina ya mataifa inavyokuja kuongoza mipango ya ardhi ya nchi yetu, na mwisho wake kugusa mpaka wa shamba la mwanachama aliye Muheza, Pangani, Mkinga au Handeni.

Tumelichagua kwa sababu moja. Ushirika wa wakulima husimama juu ya ardhi. Mkulima akipoteza shamba hana mavuno. Akikosa mavuno hana la kuleta ghalani. Na chama kisicho na la kuuza ni jina tu lililoandikwa ubaoni. Basi anayetaka kulinda ushirika hana budi kujua nani hupanga ardhi, kwa sheria gani, na kwa kufuata ahadi zilizotolewa wapi.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mstari uliotoka mlango wa Mto Umba, kaskazini ya Tanga, ukaenda hadi Ziwa Jipe na kuuzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini. Kwa mstari huo ndugu zetu Wadigo walijikuta baadhi yao wako katika himaya moja na wengine katika himaya nyingine. Mwaka 1890 Ujerumani ikakubali kumlipa Sultani wa Unguja marka milioni 4 kwa ajili ya ukanda wa pwani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1893, mkonge ukapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na mwaka huohuo kazi ya kujenga reli kutoka Tanga ikaanza. Ile sura ya nchi ambayo sisi sote tumezaliwa tukaikuta, ya safu za mkonge zinazokwenda hadi macho yasipofika, ilikuja nyuma ya karatasi zilizotiwa sahihi Ulaya. Hapana mkulima wa Bonde wala wa Pangani aliyeulizwa.

Lakini yatupasa kusema kweli yote. Mikataba haikuleta hasara tupu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi yetu iliwekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na hati ya udhamini ya mwaka 1922, katika kifungu chake cha 6, iliitaka Uingereza izingatie sheria na desturi za wenyeji inapotunga sheria za ardhi, na ilinde haki zao. Mwaka uliofuata, 1923, ikatungwa Sheria ya Ardhi ya Tanganyika, na marekebisho ya mwaka 1928 yakatambua haki ya mwenyeji anayekalia ardhi kwa mila yake. Haki hizo hazikutimizwa zote, na mashamba makubwa ya walowezi yaliendelea. Hata hivyo maneno yale yaliyoandikwa mbali yaliwapa babu zetu mahali pa kusimama walipodai. Kutoka hapo twajifunza kwamba mkataba waweza kuwa panga au ngao, kutegemea nani ameusoma na nani yupo unapotekelezwa.

Sasa tutazame njia ambayo mkataba hupitia siku hizi hata ukatufikia. Kwanza Serikali hutia sahihi. Kisha, kwa ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Bunge hujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Hata hapo mkataba peke yake haupimi shamba la mtu. Hapana budi itungwe sheria ya nchi, au sera, ili ahadi ile iwe na nguvu ndani ya mipaka yetu. Baada ya sheria huja mpango, na pamoja na mpango huja fedha, ambazo mara nyingi hutoka kwa hao hao waliohimiza mkataba. Mwisho hufika mpimaji na mawe yake ya mpaka. Mkulima asiye na habari humwona mpimaji tu, akadhani kwamba jambo limeanza asubuhi ile. Kumbe limekwisha kupita milango minne kabla ya kufika kwake.

Tuchukue mfano wa milima yetu ya Usambara Mashariki. Mkataba wa Bayoanuwai, yaani wa kuhifadhi aina zote za viumbe, ulifunguliwa kutiwa sahihi Rio de Janeiro mwezi Juni 1992, na Tanzania ikauridhia mwaka 1996. Misitu ya Usambara ina mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine duniani. Hata lile ua linalowekwa madirishani Ulaya, ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia, lilichukuliwa katika nchi hii ya Tanga mwaka 1892. Kwa hiyo mataifa yalipoahidiana kulinda viumbe, macho yalielekea huku. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ya kwanza ya aina yake katika Tanzania, kwa msaada mkubwa wa Serikali ya Finland. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza ukanda wa Usambara Mashariki katika mpango wake wa Mwanadamu na Biosfia, ambao hugawa nchi katika sehemu tatu: kiini kinachohifadhiwa kabisa, ukanda wa kukikinga, na eneo la nje ambamo watu huishi na kulima. Kisha ikaja Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Wanachama wetu wajua faida ya misitu hiyo. Mto Zigi hutoka huko, na maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani na kunywewa na watu wa jiji la Tanga. Umande na kivuli cha msitu ndivyo vilivyoistawisha iliki. Mtu anayesema kwamba msitu si kitu, huyo hajakaa Amani wakati wa kiangazi.

Hata hivyo faida ya wote isilipwe na wachache. Kati ya misitu ya Amani na ile ya kaskazini yake pana eneo liitwalo Derema, zaidi ya hekta 900, ambamo wakulima wa vijiji jirani walilima iliki chini ya miti mirefu kwa miaka mingi. Wataalamu walisema kwamba pale ni ushoroba, yaani njia ya kuunganisha misitu miwili ili viumbe visitengane. Wakati wa kutekeleza shauri hilo ulipofika, baada ya mwaka 2000, wakulima zaidi ya 1,000 waliambiwa waache mashamba yao ya iliki. Mimea yao ilihesabiwa na kuthaminiwa, na fidia ikalipwa kwa awamu mpaka miaka kadhaa ikapita. Watafiti waliokwenda huko baadaye waliwakuta wakulima wengi wakilalamika kwamba malipo yalikawia, na kwamba fedha, hata ilipofika, haikuweza kuwapatia ardhi nyingine yenye kivuli na umande kama ule wa kwanza.

Lakini sikilizeni jambo moja katika habari hiyo. Benki ya Dunia ilipoingia katika kugharimia kazi ya misitu, iliingia na kanuni zake juu ya watu wanaoondolewa katika ardhi. Kanuni hizo zilitaka waathirika watambuliwe wote, mpango uandikwe, na maisha yao yasiachwe yawe mabaya kuliko zamani. Ndipo hesabu ya fidia iliyokuwa imeanza ilipobidi kutazamwa upya. Kwa hiyo mkono wa nje uliokuja kuweka mpaka ulikuja pia na fimbo ambayo mkulima angeweza kuegemea. Waliofaidika nayo zaidi ni wale waliojua kwamba fimbo hiyo ipo.

Tushuke sasa baharini, maana baadhi ya wanachama wetu hulima nazi na kuvua samaki pia. Wavuvi wa Tanga walianza kumnasa katika nyavu za jarife samaki wa kale aitwaye silikanti, ambaye wataalamu wa dunia walidhani zamani kwamba ametoweka. Samaki huyo yumo katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba unaozuia biashara ya viumbe walio hatarini. Tena nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 wa kulinda bahari na pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye kilomita za mraba 552, kutoka upande wa Tanga hadi karibu na mlango wa Mto Pangani. Ndani yake mna bahari, mikoko, visiwa, na nchi kavu ya vijiji. Hivyo samaki mmoja anayekaa vilindini amebadilisha mpango wa pwani nzima, na anayetaka kujenga au kukata mikoko katika eneo hilo sharti aulize kwanza.

Mfano wa tatu si wa hifadhi, bali wa biashara. Mwezi Mei 2017 Tanzania na Uganda zilitia sahihi mapatano ya bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, mwendo wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko katika nchi yetu. Mwezi Mei 2021 yakafuata makubaliano baina ya Serikali yetu na kampuni ya bomba, na mwaka huohuo Bunge likatunga sheria maalumu. Hapo pia njia ni ileile: sahihi, Bunge, sheria, mpango, mpimaji. Ukanda wa upana wa meta 30 ulipimwa kupita Kilindi, Handeni, Korogwe, Muheza na Tanga. Na kwa kuwa mradi huo uliahidi kufuata kanuni za mashirika ya fedha ya kimataifa, mwenye ardhi alikuwa na haki ya kudai si fedha tu, bali nyumba kwa nyumba na ardhi kwa ardhi pale ilipostahili. Twauliza: ni wangapi kati ya wanachama wetu waliojua kwamba waweza kuomba ardhi badala ya fedha kabla ya kutia dole gumba?

Ndugu wajumbe, katika mifano yote mitatu twaona kwamba milango ya juu hatuwezi kuikalia. Hatutakwenda Rio wala Montreal. Lakini mlango wa mwisho uko mikononi mwetu, nao ni kijiji. Wazee wamesema, asiyekuwapo na lake halipo. Na mara nyingi sisi hatukuwapo katika mlango ambao ulikuwa wetu wenyewe.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, huweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Ardhi hiyo ikitakiwa kugeuzwa kuwa ya hifadhi au ya jumla, ni lazima taarifa itolewe na kijiji kijulishwe. Eneo lisilozidi hekta 250, Mkutano wa Kijiji una uwezo wa kukubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, lakini sharti azingatie mapendekezo yaliyotoka kijijini. Na ardhi haihamishwi mpaka aina, kiasi, njia na wakati wa kulipa fidia vimekubaliwa. Nayo Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 huifanya Halmashauri ya Kijiji kuwa mamlaka ya kupanga, na mpango wake hupitishwa na Mkutano wa Kijiji. Kijiji chaweza hata kutenga msitu wake chenyewe kwa Sheria ya Misitu, kikausimamia na kupata manufaa yake, kabla ya mtu wa mbali kuja kuutenga.

Twasema haya kwa sababu kazi haikwisha. Mwezi Desemba 2022 mataifa yalikutana Montreal na kukubaliana malengo 23 ya kulinda viumbe. Lengo la tatu hutaka asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari za dunia ihifadhiwe ifikapo mwaka 2030. Lengo la kwanza hutaka maeneo yote yawe chini ya mipango ya ardhi na bahari inayoshirikisha watu na kuheshimu haki za jamii zinazokaa humo. Wengi watakuja na lengo la tatu mkononi. Sisi yatupasa kuwapokea na lengo la kwanza mkononi. Kijiji chenye mpango uliopitishwa, unaoonyesha hapa ni mashamba, hapa malisho, hapa chanzo cha maji, hapa msitu wetu, kimekwisha kujibu swali kabla halijaulizwa. Kijiji kisicho na mpango huonekana katika ramani ya mgeni kama nchi tupu.

Basi Chama Kikuu kinawaomba wajumbe waende na mambo manne katika vyama vya msingi.

La kwanza, kila chama kiulize Halmashauri ya Kijiji chake kama mpango wa matumizi ya ardhi upo, umepitishwa lini, na nakala yake iko wapi. Kama haupo, wanachama wadai ajenda hiyo iwekwe katika Mkutano wa Kijiji unaofuata.

La pili, kila mwanachama atafute hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lake, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume. Sheria ya mwaka 1999 humpa mwanamke haki sawa katika ardhi. Mara nyingi mama ndiye anayepalilia na kuvuna, na akiwa hayumo katika karatasi, siku ya fidia hayumo katika foleni.

La tatu, stakabadhi za mazao zitunzwe. Hapa ndipo ushirika una nguvu ambayo mkulima aliye peke yake hana. Mthamini huhesabu mimea aliyoiona siku moja. Daftari la chama huonyesha mavuno ya miaka mingi. Fidia kwa sheria yetu si thamani ya mimea peke yake, bali pia thamani ya ardhi kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na faida iliyopotea. Ni nani awezaye kuthibitisha faida iliyopotea asiye na stakabadhi? Tena malipo yakikawia kupita miezi 6, mkulima anastahili riba. Makatibu wa vyama vya msingi waelewe kwamba kila kipande cha karatasi wanachoandika wakati wa kupokea mazao ni ushahidi wa ardhi, si wa bei tu.

La nne, mikutano ihudhuriwe na muhtasari uandikwe vizuri. Neno lililosemwa na watu mia mbili bila kuandikwa halina uzito mbele ya barua ya mtu mmoja. Chama Kikuu kwa upande wake kitatafuta nakala za sheria tulizozitaja na kuziweka katika ofisi, na mwanachama asiyejua kusoma atasomewa bila malipo.

Twapenda pia kusema neno kwa maofisa wa Serikali waliotuheshimu kwa kuwapo hapa. Wakulima si adui wa msitu, wala wa bahari, wala wa maendeleo ya nchi. Twaomba tu kwamba ahadi zinazotolewa kwa mataifa kwa jina letu zitufikie zikingali changa, katika lugha tunayoifahamu, wakati ambapo bado kuna la kushauriana. Mtu aliyeshirikishwa kuweka mpaka huulinda; aliyewekewa usiku huungoja usiku mwingine.

Bwana Mwenyekiti, chama chetu kimetimiza miaka 10. Katika miaka hiyo tumejifunza kupima mazao kwa mizani moja mbele ya macho ya kila mtu. Miaka 10 ijayo na iwe ya kujifunza kupima ardhi kwa njia hiyo hiyo: mchana, mbele ya wote, na kwa maandishi. Tukifanya hivyo, mkataba wowote utakaotiwa sahihi mahali popote duniani utakapofika Bonde, Usambara au Pangani, utatukuta tumeketi katika kikao chetu, na daftari zetu ziko mezani.